Sema Alama ya Ndege Wako

Wanangu mliopangiwa kitengo cha ndege mwaka huu,

Mara mbili mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu za kazi, na mara mbili nimewapiga chenga. Msidhani ni uzee. Nilijiuliza tu: hawa wanataka nini? Mtu akistaafu hapa Garissa husahaulika kabla soda za kumuaga hazijaisha. Leo ghafla ofisi imekumbuka kwamba nina busara? Nikajisemea, hapa pana jambo. Hawa wanataka laini yangu ya simu, ile ambayo wafugaji wanaijua kutoka Balambala hadi karibu na mpaka wa Ethiopia. Na bado nadhani hivyo, msinicheke.

Lakini Jumanne mmoja wenu aliongea nami kwa simu. Simtaji, anajijua. Nilimpa habari kwamba kuna mtu kule Banissa ana ndege wetu, yu hai, na anangoja tumfuate. Kijana akaniuliza swali moja. Swali hilo limenikalisha kitako hapa mtaani Galbet tangu asubuhi, nimekosa hata kwenda sokoni. Nitalitaja mwishoni. Kesho mnaondoka kwenda Banissa, njia ni ndefu, na barua hii mtaisoma garini mpende msipende, maana ndege huyo nitamlilia akifa.

Kwa wasionijua, mimi ni Wakesho, Mtaita wa milimani. Mchungaji wangu wa nyumbani mpaka leo haelewi mbona nilitumia maisha yangu kuwafuata ndege wanaokula mizoga. Nilianzia Marsabit, nikamalizia Garissa, na kote nilikuwa na tumbusi. Hapa mjini waliniita Madam Tumbusi. Mwanzoni lilikuwa tusi, baadaye likawa jina, sasa hata muuza nyanya ananiita hivyo na kuniongezea moja.

Jambo la pili mlijue: mimi ni mtu wa kushuku. Ndivyo nilivyozaliwa. Mama akinipa chapati iliyokunjwa, naikunjua kwanza nione ndani kuna nini. Kazi ya kulinda ndege ilinipenda kwa sababu hiyo, na ikaja kuniumiza kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Guyo, Mborana wa Marsabit. Mlima wa Marsabit ni volkeno iliyozimika, na umejaa mashimo makubwa ambayo wenyewe huyaita gof. Shimo moja lina kuta za mawe matupu, na tumbusi hutaga humo kwenye vishubaka vya mwamba. Guyo alinikalisha ukingoni asubuhi yangu ya kwanza, ukungu umetanda, meno yananigongana, akaniambia nihesabu. Jua lilipopanda akauliza wangapi.

"Ishirini na saba, mzee."

"Na waliokosekana?"

Nikamwambia, mzee, mtu hawezi kuhesabu asiyekuwepo.

"Basi hujahesabu," akasema, akamimina chai.

Kanuni yake ilikuwa hii: ndege akikosa siku moja, ameshiba akalala mbali. Akikosa wiki, uliza. Akikosa mwezi, kuna mtu. Kisha akaongeza, huku akipuliza kikombe chake: "Na ukimfikia huyo mtu, kunywa chai yake kwanza." Mimi nikaona ni uchu wake wa chai tu, maana mzee yule alikuwa akimaliza vikombe sita kabla umande haujakauka. Nikaishika nusu ya kwanza ya somo, ya pili nikaiacha pale ukingoni.

Tulikuwa tukiwakamata tumbusi kwa vitanzi karibu na mzoga na kuwavisha kibati cha njano kwenye bawa la kulia, chenye herufi G na namba, ndipo tuwaachie. Ndege wangu wa kwanza nilimrukia mabawa. Lo! Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba tumbusi akishtuka hutapika ili awe mwepesi. Alinitapikia kifuani punda aliyemla tangu juzi. Guyo alicheka mpaka akakaa chini. "Kichwa, Wakesho! Kichwa kwanza, halafu mabawa, halafu kitambaa machoni!" Nikamshika kichwa, nikamfunika macho kwa kitambaa, na jitu lile lote likatulia kama kifaranga. Kibati chake kilikuwa G moja. Nilinuka siku nne, na kanisani benchi zima niliachiwa peke yangu.

Shikeni hilo la kichwa na kitambaa. Vitabuni limo, lakini vitabuni halinuki.

Sasa, tumbusi wa gof hawakai mlimani mwaka mzima. Kiangazi kikikaza wanashuka kufuata mifugo, mpaka Wajir, mpaka huku kwenye mto Tana. Kiangazi kimoja walishuka na wengi hawakurudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Guyo akaniangalia tu. Nikaomba uhamisho nije huku chini nimtafute huyo mtu.

Nilipofika Garissa nilimshuku kila mwenye kivuli. Niliwashuku wachinjaji. Niliwashuku waganga, maana nilikuwa nimesikia kuna wanaotaka vichwa vya tumbusi ili waote ndoto za kushinda bahati nasibu. Nilimshuku hata dereva wangu, Kimeu, Mkamba mnene mpole. Kila Alhamisi alipotea saa nzima, akirudi anapangusa midomo na haniangalii usoni. Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Alhamisi moja nikapanda tuktuk nikamfuata hadi karibu na soko la mifugo. Nikamkuta kwa akina mama wa maziwa ya ngamia, kikombe mkononi, macho amefumba kwa utamu. Kumbe alikuwa ameapa mbele ya ofisi nzima kwamba maziwa ya ngamia hayataingia tumbo la Mkamba, na tumbo lilikuwa limemshinda. Tangu siku hiyo kila akienda hata msalani ananiaga kwa sauti, "Madam, naenda, utanifuata?"

Nilipaswa kujifunza hapo. Wapi!

Siku moja mfanyabiashara wa ng'ombe akanipigia simu. "Madam, kuna mzee nje ya Balambala ana ndege yako. Amemfunga mguu. Anamtangaza visimani."

Anamtangaza! Mimi nilivyojua, mtu hutangaza anachouza. Nikaona nimempata: huyu ndiye anayewamaliza ndege wangu, na sasa hana hata haya, ananadi hadharani. Nikamchukua Kimeu, nikaomba askari wawili, tukaondoka mapema.

Tulifika asubuhi jua limeshakuwa kali. Mzee aliitwa Hirsi, mwembamba, ndevu zimepakwa hina. Boma lake lilikuwa dogo, nyumba mbili za mikeka na zizi la wana-mbuzi. Kwa mbali, nyuma ya vichaka, nilisikia mtu akigonga debe. Anagonga, anapumzika, anagonga tena.

"Assalaam aleikum, mama. Karibu. Chai iko," mzee akasema.

"Hatukuja kunywa chai. Nani huyo anagonga debe?"

"Mke yangu."

Anagonga debe kwa nini asubuhi yote? Nikawaambia askari kwa sauti ya chini, hiyo ni ishara, anawaonya wenzake. Askari mmoja akashika bunduki yake vizuri.

"Ndege yuko wapi?"

"Wewe ndio mwenyewe?"

"Mimi ni serikali."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Serikali si alama. Sema alama ya ndege yako."

Nikatoa kitambulisho cha kazi, chenye picha na muhuri. Akakitazama kwa adabu, akanirudishia. "Hii alama yako wewe. Mimi nauliza ya ndege."

Ala! Nikaona ananichezea shere. Nikampita nikaingia zizini mwenyewe. Ndege alikuwa kivulini, mguu umefungwa kwa kamba laini, karai la maji mbele yake. Na bawa la kulia, hapo hapo penye kibati, lilikuwa limefungwa kitambaa cha kikoi likafunikwa kabisa. Nikawageukia askari. "Mmeona? Amekificha kibati. Mtu asiye na hatia anaficha nini?" Nikakifungua. G kumi na nne, jike la gof, nililivisha kibati mwenyewe Guyo akiwa ameshika kichwa.

Mzee akasimama kati yangu na lango la zizi. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha lakini alikitoa chote. "Mama, chukua ndege, sawa. Lakini kwanza twende bale." Akaonyesha upande wa debe. "Ngamia imekufa. Nyama mbaya. Ndege nyingi itakufa. Twende, uone."

Wanangu, mnajua sisi watu wa bara tukiletwa huku tunachoambiwa siku ya kwanza. Usimfuate mtu usiyemjua vichakani. Nikaona ama tunapelekwa mtegoni, ama anavuta wakati wenzake watoroke na ndege wengine. Nikamwambia hatuendi popote isipokuwa Garissa. Askari wakamfunga pingu.

Hakupigana. Alipokuwa akipandishwa garini alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema, "Nani atafukuza ndege?"

Nikafunga mlango wa gari. Njiani akalirudia kwa Kisomali, mara nyingi, akijisemea mwenyewe, mpaka Kimeu akanong'ona, "Madam, huyu mzee ana nini?" Nikamwambia aendeshe gari. Mkewe, Habiba, alikuwa amekuja mbio akatukuta tunaondoka. Kwenye kioo nilimwona akilitupa debe chini na kuanza kutufuata kwa miguu barabarani. Nyuma yetu hakukuwa na sauti tena. Nikajipongeza moyoni, si nilisema, ilikuwa ishara, na sasa imekwisha.

Mzee aliwekwa ndani kituoni. Mimi nikaandika taarifa kwa mwandiko mzuri, nikalala usingizi wa watoto.

Asubuhi nikampeleka G kumi na nne kwa Daktari Amina, mwanamke wa Wajir, daktari wa mifugo tuliyefanya naye kazi. Alimpima, akachungulia kinyesi chake, kilikuwa cheusi. Akainua kichwa.

"Wakesho, huyu alikula sumu. Na kuna mtu amemtibu. Amemnywesha mkaa uliosagwa, na maziwa. Mimi mwenyewe nisingefanya zaidi ya hapo. Nani huyo?"

"Yule mwizi."

"Mwizi gani anatibu mali ya wizi?"

Nikamsimulia yote, na jinsi mzee alivyoniuliza alama, na kitambaa, na kutangaza visimani. Nilisimulia kwa ushujaa. Nilipofika katikati niliona uso wa Amina umebadilika, nikaanza kusimulia polepole.

"Ngoja," akasema. "Dada yangu, ngoja. Huku kwetu mnyama aliyepotea akija bomani kwako, huwezi kumfukuza wala kumchinja. Ni amana. Unamlisha, unamtangaza visimani ili mwenyewe asikie. Na alama yake unaifunika, ili anayekuja kumdai aitaje kabla ya kuiona. Asiyeijua si mwenyewe. Huyo mzee aliona ndege ana alama akajua ana mwenyewe. Alikuwa anakutafuta wewe."

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku.

"Na huo mzoga wa sumu," Amina akauliza, "uko wapi?"

Hapo ndipo nilipolikumbuka debe.

Kituoni nilimkuta Habiba amekaa kwenye vumbi nje ya lango. Alikuwa ameokotwa na lori njiani. Nikaifuta taarifa yangu mbele ya mkubwa wa kituo, na aibu niliyoipata siwezi kuiandika hapa. Mzee alipotoka hakunisalimu mimi. Alimuuliza mkewe kitu kimoja kwa Kisomali, naye akajibu kwa neno moja huku akitazama chini. Amina akanitafsiria. Alikuwa ameuliza nani yuko kule, na mke amejibu hakuna.

Kimeu aliendesha siku hiyo kwa namna ambayo sijamwona akiendesha tena. Tulipofika kulikuwa kimya. Na kwa kuwa hii ni barua ya kazi, niwaambie cha kutazama: tazameni nzi. Mzoga wa kawaida una nzi hai. Huu ulikuwa umezungukwa na nzi waliokufa, wametapakaa mchangani kama majani makavu ya chai. Kisha tukaona ndege. Tumbusi wa sumu haendi mbali. Wengine walikuwa wamelala juu ya nyama yenyewe, kucha zimekunjika. Mmoja alikuwa ananing'inia kwenye mgunga, mguu umenasa kwenye miiba.

Kumi na tisa. Sita walikuwa na vibati vya njano. Niliwageuza mmoja mmoja nikisoma, na wa tano alikuwa G moja, yule aliyenitapikia.

Nililia, wanangu. Nililia mbele ya askari na sikujali. Kimeu alivua kofia. Amina akageuka akatazama kwingine. Mzee Hirsi peke yake ndiye aliyekuwa na kazi, ameanza kukusanya kuni.

Alinieleza huku tunachoma. Ngamia alikuwa na alama ya mtu mwingine, na huwezi kuchoma mali ya mtu bila shahidi, itakuwa kesi ya ukoo kwa ukoo. Kwa hiyo aliufunika mzoga kwa miiba, lakini fisi waliivuta miiba. Basi yeye na mkewe wakapokezana kukaa pale na debe, siku tatu, kufukuza ndege. Nikamuuliza, siku tatu mlikuwa mnangoja nini?

"Wewe," akasema. "Tulikuwa tunangoja wewe."

Maisha yangu yote sijatukanwa tusi lililoniumiza kiasi hicho.

Mtaniuliza nani aliweka sumu. Fisi walikuwa wamekula ndama wa ngamia wa watu wengi msimu ule, na dawa kali ya kupe, ambayo watu huitia kwenye mzoga wamuue fisi, ilikuwa ikiuzwa ovyo. Kuna mtu ninayemshuku mpaka leo. Nikimkuta sokoni namtazama mikono. Lakini jina lake siliandiki hapa, kwa sababu nilishaandika jina mara moja kwa mwandiko mzuri.

Na kazi ya uchomaji msiifanyie uvivu. Vaa glavu, simama upande unakotoka upepo, choma mzoga na kila kilichokufa kando yake, mpaka mfupa. Ukizika tu, fisi atafukua, na mtaanza upya.

Baada ya hapo simu yangu ikanyamaza. Hata moja haikuja. Chifu mmoja alinieleza bila kuzunguka: "Madam, habari imefika kila kisima. Mtu aliokota, akatangaza, akafungwa. Nani ataokota tena?" Ndege wangu wangekufa huko nje na mimi nisingejua hata mahali pa kuwalilia.

G kumi na nne alikuwa amepona. Nikaenda kwa Mzee Hirsi na mbuzi wawili wa kumwomba radhi. Akawakataa. Akasema kama nataka kutengeneza, nirudishe ndege bomani, halafu nimdai vizuri.

Basi nikamrudisha. Hirsi akamfunga bawa kwa kile kile kitambaa cha kikoi. Majirani walikuwa wamekuja, wamekaa, wanangoja kuona. Habiba akaleta chai. Nilikunywa vikombe vitatu, sukari imejaa mpaka kijiko kinasimama, na hakuna aliyenitajia habari ya ndege mpaka nilipomaliza cha tatu. Nikamkumbuka Guyo na vikombe vyake sita nikataka kulia tena. Ndipo mzee akanigeukia, kana kwamba hatujawahi kuonana.

"Umepotelewa na nini, mama?"

"Ndege."

"Sema alama."

"Kibati cha njano. Bawa la kulia. Herufi G, kumi na nne."

Akakifungua kitambaa. Watu wakasogea kutazama, wakanong'onezana wakithibitisha. "Ndege yako," Hirsi akasema. "Chukua." Tulimwachia pale pale. Alikimbia kwa mbwembwe zake za kizee, akajirusha, akapanda.

Siku ya kunywesha ngamia Hirsi akanipeleka kisimani, nikasimama mbele ya wanaume na kutangaza kama mtu yeyote aliyepotelewa. Nimepotelewa na wanyama, alama yao hii, simu yangu hii. Walinicheka, sikatai. Mmoja aliuliza kama wanatoa maziwa. Lakini kicheko kilipokwisha walianza kuuliza sawasawa: bawa lipi, walionekana mwisho wapi, wanashuka na upepo upi. Kwenye alama hakuna aliyefanya mzaha. Nilikwenda kisima baada ya kisima msimu mzima, na kabla mvua hazijaanza simu ya kwanza ikalia.

Ndiyo maana laini hii sikuiacha ofisini nilipostaafu, na ndiyo maana bado napanga hapa Galbet huku ndugu zangu Taita wakiniuliza nimerogwa na nani. Ninyi mna namba yenu mpya makao makuu. Nilishawahi kuipiga nikijifanya mfugaji, msishangae, nilikuwa nawachunguza. Binti alinipokea vizuri, akaniuliza jina langu kamili, namba ya kitambulisho, kata, na ninafanya nini mahali alipo ndege. Nilikata simu. Na mimi ni Mkristo mwenye kitambulisho, sembuse mfugaji asiye nacho.

Sasa Jumanne. Simu ililia saa tatu asubuhi, namba nisiyoijua.

"Wewe ndio Madam wa ndege?" Sauti ya mwanamume, si mzee.

"Ndiye mimi. Unapiga kutoka wapi?"

"Banissa. Kuna ndege hapa, ni mgonjwa. Sema alama."

"Kibati cha njano, bawa la kulia, herufi G."

"Namba?"

Nikaanza kutaja, wale ambao sijawaona maiti zao. Mbili. Saba. Kumi na moja. Kila nikitaja ananyamaza. Nikasema kumi na nne.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Kuja."

Nilibaki nimeshika simu sikioni wakati mtu ameshakata. Miaka yote hii! Mimi magoti yameisha, na yeye bado anaruka mpaka Banissa. Nikawapigia ninyi kwa furaha. Na kijana wetu, hata hajamaliza kunisikiliza, akaniuliza: "Lakini Madam, huyo mtu kama ni mwema, mbona amekificha kibati? Si ni afadhali twende na pingu?"

Mwanangu, sikukasirika. Nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Laini ya simu iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa karatasi. Ndiyo, mmenishinda, chukueni. Ikilia, jibuni alama kabla hamjauliza jina. Askari wa kuwalinda njiani waende nanyi, lakini pingu zibaki Garissa. Mkifika, salimieni, mkae. Chai ikiletwa, mnywe mpaka mwenye boma aanze mwenyewe. Akiwauliza alama, hamwonyeshi kitambulisho: ni kibati cha njano, bawa la kulia, G kumi na nne. Kichwa kwanza, halafu mabawa, halafu kitambaa machoni.

Lakini mkishuka tu garini mkasikia mahali fulani vichakani mtu anagonga debe, chai ingoje. Nendeni kwenye debe.